Kabla Watoto Walale Idjwi, Sisi Wamama Tulitangulia Kuona



Kundi la kwanza la watoto wetu limerudi salama toka kampi ya Idjwi. Kundi la pili litapanda boti siku ya Jumanne. Kwa hiyo wiki hii yote wamama wanatusimamisha sokoni, penye bomba la maji, hata ndani ya basi la kupanda Kadutu, wote na swali moja: "Mliweza namna gani kumwacha mtoto alale mbali vile?" Tumeona ni vizuri tujibu hapa mara moja kwa wote. Kabla ya watoto kwenda, wanne kati yetu tulivuka ziwa, tukaona mahali, tukalala pale usiku mmoja. Tunawaeleza tuliyoyaona, na yale tuliyojifunza baadaye nyumbani.

Namna ilivyoanza

Mwezi wa tano, viongozi wa skauti wa mtaa walikuja kwenye mkutano wetu. Waliomba watoto wa miaka 9 mpaka 13, kwa usiku nne wakati wa vakansi kubwa, upande wa kusini wa Idjwi. Walituambia kwamba hata kampi ya kwanza ya skauti ilifanyika kisiwani, kule Brownsea, Uingereza, mwezi wa nane wa 1907, Baden-Powell pamoja na vijana kama 20. Kiongozi mmoja akasema kwa kicheko: "Mnaona, wamama, kisiwa si jambo jipya kwetu."

Sisi hatukucheka. Tulinyamaza wote. Kisha mama mmoja akasema neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo rohoni: "Watoto wetu wamekwisha kulala nje mara nyingi, na haikuwa kampi."

Mnajua alichotaka kusema. Wengine kati yetu tulitoka vijijini na mtoto mgongoni, usiku, bila kujua tutalala wapi. Wengine tulitoka Goma. Kwa watoto wengi wa mji huu, kulala mbali na nyumba maana yake ni kukimbia. Hawajui namna nyingine. Basi tukawajibu viongozi hivi: hatukatai, lakini tunataka kwanza kuona kwa macho yetu. Wakakubali bila kukasirika. Hapo ndipo tulianza kuwaamini kidogo. Kiongozi anayekataa mzazi aone mahali mtoto atakapolala, msimpe mtoto.

Kuvuka ziwa

Tuliondoka bandarini saa mbili ya asubuhi. Ni vizuri kuvuka asubuhi, kwa sababu mchana upepo unaamka na ziwa linaanza kuruka. Ilikuwa kipwa, mvua hakuna, na moshi wa vumbi ulifunika milima hata tukaona Kahuzi kama kivuli tu.

Kabla ya kupanda tuliomba jile. Kijana wa boti alituangalia kama watu wenye woga mwingi, lakini tulisimama pale pale mpaka zikaletwa. Hatukusahau mwezi wa nne wa 2019, boti lilipozama upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea majini. Baada ya ajali ile Rais Tshisekedi alikuja kwenye ziwa na kutoa amri kwamba kila abiria avae jile. Amri ipo, lakini ni mama ndiye anayeifunga kifuani mwa mtoto. Tulipima pia: jile ya mtu mzima inampita mtoto wa miaka 9 juu ya kichwa. Tukawaambia viongozi watafute za watoto, au boti lisiondoke. Wakazitafuta, zikapatikana.

Ukitoka Bukavu kwa maji, unaona mji kwa namna usiyoijua. Zile rasi zake tano zinaingia ziwani kama vidole vya mkono. Nyumba zinapanda juu ya nyumba mpaka mtu anajiuliza zinashikwa na nini. Mkono wa kuume ni Rwanda, mkono wa kushoto ni pwani ya Kabare. Halafu mji unabaki nyuma, kelele zinakwisha, unasikia motere na maji tu. Mama mmoja kati yetu, aliyezaliwa Kadutu na kuzeeka Kadutu, alisema: "Kumbe tuko na ziwa kubwa hivi, na mimi naliona kila siku kama ukuta."

Safari ilichukua karibu saa mbili. Boti lililopishana nasi lilijaa mananasi na wamama wameketi juu yake, wanapeleka sokoni kwetu. Walitupungia mikono. Tulijua basi tumekaribia.

Mahali penyewe

Idjwi ni kisiwa kikubwa, kilometa za mraba karibu 340, lakini ukifika unaona kijiji: udongo mwekundu, migomba, kahawa, mananasi kwenye vilima, njia ya miguu na pikipiki chache. Watu wengi ni Bahavu. Wanakiita kisiwa cha amani, kwa kuwa vita vilivyopita bara havikukivunja kama vilivyotuvunja sisi. Wazee walitusalimia mmoja mmoja, wakauliza habari za nyumbani, na hapana aliyetuuliza tumekimbia nini. Neno hilo dogo lilitufurahisha sana.

Uwanja wa kampi uko juu kidogo ya maji, chini ya miti ya mikalitusi. Tulipita kila pembe, na Mama Katibu akaandika katika daftari lake.

Tuliuliza nani atalala na watoto. Jibu: wasichana katika tenti zao na viongozi wanawake wawili, wavulana katika zao na viongozi wanaume wawili. Wawili daima, kamwe si mmoja peke yake. Tulisema pia kwamba hapana mkubwa atakayemwita mtoto peke yake mahali pa kificho, hata kwa kumpa adhabu. Wakaandika na kutia sahihi.

Tuliuliza choo. Kiko mbali kidogo, hatua 60 toka tenti. Mchana si kitu. Lakini mtoto wa miaka 9, saa nane ya usiku, hatua 60 katika giza ni safari ndefu kuliko ya boti. Hataenda. Atajizuia mpaka alfajiri au atalowesha mkeka. Tukaomba taa iwekwe njiani usiku wote, na watoto waende wawili wawili pamoja na kiongozi.

Tuliuliza maji. Ya ziwa yanaonekana safi kama kioo, lakini kipindupindu kinajulikana sana katika Kivu yetu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klore, na yakae katika bido lenye kifuniko. Na kuoga ziwani: watu husema Kivu haina mamba wala kiboko, na kwa sababu hiyo wazazi wanalegea. Lakini pwani yake haishuki polepole. Hatua mbili uko magotini, hatua ya tatu huna chini. Tulichagua mahali pamoja penye jiwe pana, kamba ikafungwa, na sheria ikawekwa: hapana mtoto majini bila kiongozi anayejua kuogelea kusimama upande wa nje wa kamba.

Kituo cha afya ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tulienda mpaka mlangoni kwa miguu yetu, tukamsalimia muuguzi na kumpa tarehe za kampi. Simu inashika mlimani tu. Tukapatana: kila jioni kiongozi atapanda na kumpigia Mama Katibu peke yake, na yeye atatutumia sote habari. Hivyo hapana mama atakayemaliza inite zake kwa woga.

Usiku tuliolala

Tungeweza kurudi jioni ile, lakini tulisema: twende mpaka mwisho. Tukalala katika tenti, sisi wamama wenye miaka 40 na zaidi, juu ya mikeka, tukicheka kama wanafunzi wa internati.

Kisha kicheko kikaisha na tukasikia usiku. Majani ya mikalitusi yanasugua. Kitu kinatembea, labda mbuzi. Na baridi ikapanda toka majini, baridi ambayo mchana hukuifikiria. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka nyumbani." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Tukatoka nje. Ziwani kulikuwa na taa nyingi, kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Ni wavuvi wa sambaza: wanawasha taa ili samaki wapande, na wanaimba wakipiga kasia. Sambaza hawa, tunaowala kila siku na bugali, hawakuwa wa Kivu zamani. Waliletwa toka ziwa Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950, na sasa hatuwezi kuishi bila wao. Tulisimama pale mpaka miguu ikalowa umande. Hapo tulielewa kwamba tumepata kitu cha kumwambia mtoto. Usimwambie tu "usiogope." Mwambie: "Usiku utasikia majani, utasikia mbuzi, utaona taa ziwani na kusikia watu wanaimba. Mama amelala pale, amesikia vyote, ni wavuvi." Mtoto akijua jina la sauti, woga unapungua nusu.

Mfuko uliotisha mtoto

Sasa tunafika kwa jambo ambalo hatukulitegemea, na mama mwenyewe ameturuhusu kulisimulia.

Mwenzetu huyu alikaa Goma. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku chache baadaye amri ya kutoka mjini ilipotolewa, alifunga mfuko usiku na kupanda boti la Bukavu na watoto wake. Mtoto wa pili alikuwa bado mdogo. Sasa ana 9, na ndiye aliyechaguliwa kwenda kampi. Alikuwa na furaha, aliimba nyimbo za skauti nyumba nzima.

Siku tatu kabla ya safari, watoto walipolala, mama alianza kufunga mfuko ili asisumbuliwe. Aliuchukua mfuko ule ule. Mtoto akaamka kwenda kukojoa, akamwona mama yake ameinama juu ya mfuko katika mwanga wa tochi. Akasimama mlangoni. Akauliza polepole: "Mama, tunakimbia tena?"

Mama alimpakata mpaka akalala. Kesho yake alikuja kwetu na kusema, "Huyu haendi." Tulielewa. Hapana mmoja wetu aliyembisha. Lakini Mama Mshauri, ambaye amelea tisa, alimwambia: "Asiende kama hataki. Ila usimwache abaki na jibu lile. Mwonyeshe tofauti."

Basi mama alifanya hivi. Aliweka mfuko wa zamani juu ya kabati, akaazima mwingine kwa jirani. Akangoja mchana, mlango wazi, majirani wanapita. Akamwambia mtoto afunge mwenyewe, nguo zake tu. Kisha akamshika mkono mpaka jikoni, akamwonyesha sufuria. "Siku ile ya Goma, sufuria ilibaki?" Mtoto akasema hapana, uliibeba kichwani. "Leo iko wapi?" Iko jikoni. "Nguo za dada yako?" Ziko ndani ya sanduku. "Mimi ninaenda?" Hapana. "Basi tukikimbia, sufuria inaenda na sisi. Wewe ukienda kampi, sufuria inabaki, na mimi ninabaki nayo nikikungojea."

Mtoto alifikiri siku nzima. Jioni akasema, "Nitaenda. Lakini usiihamishe."

Mfukoni mwekeni nini

Mtoto afunge mwenyewe, mchana, na aone kila kitu kinapoingia. Usiku akitafuta soksi gizani atajua ilipo.

Bulangeti moja nzito na triko. Msidanganywe na jua la mchana. Mkeka, muskitere, kikwembe kimoja cha ziada. Nguo za siku tano, si zaidi, zenye alama ya jina. Viatu vya kufunga na kambambili. Tochi. Kikombe, sahani, kijiko. Sabuni na mswaki. Dawa apewe kiongozi mkononi, na karatasi inayoeleza. Simu hapana, ikilia, watoto wote watalia.

Kitu kimoja chenye harufu ya nyumbani. Kipande cha kikwembe cha mama kinatosha, na hapana atakayemcheka kwa hicho.

Kama mtoto bado anakojoa kitandani, mwambieni kiongozi kwa siri kabla ya safari. Si aibu. Kiongozi anayejua atamwamsha mapema na kubadili kikwembe bila wengine kuona. Kiongozi asiyejua atatangaza bila kutaka.

Wasichana wa miaka 11 na kwenda juu, wawekeeni vitambaa vya hedhi hata kama bado hawajaanza, na kuwaeleza wazi. Si vizuri msichana akutane na damu yake ya kwanza kisiwani bila neno la mama.

Na kila mtoto, msichana kwa mvulana, aambiwe: mwili wako ni wako. Mtu akikugusa vibaya au akikuambia "usimwambie mama," hiyo ndiyo siku ya kumwambia mama.

Maneno ya kusema, na neno la kutosema

Mjaribu kwanza usiku mmoja kwa mama mdogo au kwa nyanya, Bagira au Panzi, asubuhi arudi. Wengi wa kundi la kwanza walifanya hivyo, na waliofanya hivyo walilia kidogo kuliko wengine.

Mwambieni ukweli: utatukumbuka, hasa saa ya chakula cha jioni na saa ya kulala. Kukumbuka nyumbani si ugonjwa wala si utoto. Mwambie kiongozi, au fanya kazi, chota maji, imba. Mama mmoja alifunga punje nne za mahindi katika kitambaa: kila asubuhi mtoto atupe moja kwa ndege. Zikikwisha, ni siku ya boti. Mtoto asiyejua kuhesabu siku vizuri anajua kuhesabu mahindi.

Neno la kutosema ni hili: "Ukilia, nitakuja kukuchukua." Tunajua linatoka katika upendo. Lakini mtoto anasikia kwamba hata mama haamini ataweza, na tangu hapo anangoja tu kulia. Katika kundi la kwanza mtoto mmoja aliahidiwa hivyo. Alilia siku mbili, macho yake kwenye maji akitafuta boti. Siku ya tatu aliacha kungoja, akaanza kucheza. Mama yake mwenyewe amesema: "Ni mimi niliyemlizisha."

Bandarini, agana kwa ufupi. Mbariki, funga jile yake, geuka. Ukitaka kulia, lia nyuma ya duka. Sisi tulikutana huko wote.

Walipoondoka, na waliporudi

Siku ya kwanza, mtoto wa Goma alipoona boti alisimama. Miguu ilikataa. Mama yake hakumsukuma. Alimwambia tu: "Angalia, ni asubuhi." Na kweli, lile la 2021 lilikuwa na giza na vilio, na hili lilikuwa na jua na watoto wanaogombea nafasi ya mbele. Akapanda. Akaketi katikati, mikono miwili juu ya jile.

Usiku ule Mama Katibu alitutumia habari: wamefika, wamekula, watatu wamelia, sasa kimya. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mmoja wa wale watatu ni wake. Usiku wa pili, mmoja amelia. Usiku wa tatu, kiongozi alisema hawataki kulala, wanahesabu taa za wavuvi.

Siku ya tano walishuka bandarini wachafu, sauti zimekauka, kila mmoja na nanasi. Hawakutukumbatia sana, walikuwa bado wanabishana nani aliyepika bugali lililoungua. Mtoto wa Goma alipanda njia ya nyumbani mbele ya mama yake. Hakuingia chumbani. Alipita moja kwa moja jikoni. Sufuria ilikuwa motoni, maharagwe ndani. Akafunua kifuniko, akaangalia, akafunika tena. Kisha akaweka nanasi lake mezani, akauliza kuna nini cha kula.

Wamama wa kundi la pili, tukutane Jumanne saa moja ya asubuhi bandarini. Jile za watoto zitakuwa pale kabla ya watoto. Sisi wenyewe tutazihesabu. Njooni na mtoto, mfuko aliofunga mwenyewe, na kikwembe kikavu cha kufutia macho. Hicho cha mwisho ni chenu.